Hesabu za Mpigaji na Mrushaji

Wako watu katika nchi ya Marekani ambao hucheza besiboli bila kutoka nyumbani kwao. Hawana uwanja, hawana gongo, wala hawana mpira. Wanazo kadi, dadu, na karatasi ya kuandikia matokeo. Na siku hizi wengi wao hutumia kompyuta. Kila kadi ina jina la mchezaji wa kweli na hesabu ya mambo aliyoyafanya uwanjani katika mwaka fulani. Mtu huchukua mpigaji wa mwaka 1941, akamkutanisha na mrushaji wa mwaka 1968, ingawa wawili hao hawakupata kuonana kiwanjani hata siku moja. Akirusha dadu, papo hapo hujua ni nani kamshinda mwenziwe.

Mimi sijapata kuuona mchezo wa besiboli kwa macho yangu, na bila shaka wasomaji wengi wa gazeti letu wako kama mimi. Lakini tangu muhula huu ulipoanza, hesabu za mchezo huo zimenishughulisha kuliko mchezo wo wote tunaoucheza hapa shuleni. Sababu yake ni kwamba ndani yake mna swali ambalo kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne hujiuliza taa zikisha zimwa bwenini: mtu mwenye uwezo kama wangu akikutana na jambo gumu kama lile, kutatokea nini? Nataka kuwaeleza wenzangu, walimu na wazazi jinsi swali hilo linavyojibiwa.

Kwanza yafaa nieleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Timu ni mbili, na kila timu ina watu 9. Mrushaji husimama juu ya tuta dogo, mita 18.44 kutoka anaposimama mpigaji, akamrushia mpira kwa nguvu na kwa hila. Mpigaji ameshika gongo. Akiupiga mpira ukaenda mahali ambapo walinzi hawawezi kuuwahi, naye akafika salama kwenye kituo cha kwanza, hilo huhesabiwa pigo jema. Akiupiga ukadakwa kabla haujagusa chini, au akihesabiwa makosa matatu, ametoka. Kazi hiyo ni ngumu sana. Mpigaji anayefaulu mara 3 katika kila zamu 10 husifiwa nchi nzima. Mwaka 1941 Ted Williams alipata mapigo mema 185 katika zamu 456, yaani wastani wa 0.406, na tangu mwaka huo, katika zile ligi mbili ziitwazo American na National, hakuna aliyefikisha 0.400 kwa msimu mzima.

Basi mtu anayetaka kuugeuza mchezo huo uwe wa kadi hukutana na swali moja kubwa. Pigo jema ni la nani? Je, limetokana na ustadi wa mpigaji, au limetokana na udhaifu wa mrushaji?

Watengenezaji wa michezo hii walilijibu swali hilo hatua kwa hatua. Mwaka 1941 ulitolewa mchezo uitwao All-Star Baseball, uliobuniwa na Ethan Allen, ambaye mwenyewe alikuwa amecheza katika ligi kuu. Kila mpigaji alikuwa na duara la karatasi ngumu lililogawanywa vipande. Jambo alilolifanya mara nyingi lilipewa kipande kipana, na jambo adimu kipande chembamba. Mshale ulizungushwa, na mahali uliposimama ndipo palipokuwa na jibu. Lilikuwa wazo zuri, lakini mrushaji hakuwa na sehemu yo yote. Awe hodari, awe dhaifu, mshale haukumjua.

Mwaka 1951 Bwana J. Richard Seitz wa mji wa Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, alianza kuuza mchezo uitwao APBA. Humo mna dadu mbili, moja kubwa na moja ndogo. Kubwa husomwa kama makumi na ndogo kama mamoja, kwa hiyo hupatikana namba 36 toka 11 mpaka 66. Mrushaji hupewa daraja kwa herufi: A, B, C au D. Mrushaji wa daraja la juu huyageuza baadhi ya mapigo mema yawe ya kutoka. Hapo mrushaji alianza kuhesabiwa, lakini alihesabiwa kwa herufi tu, kama mwanafunzi katika ripoti.

Mwaka 1961 Bwana Hal Richman, aliyeanza kuubuni mchezo wake akiwa mvulana wa miaka 11, aliutoa kwa jina la Strat-O-Matic. Humo mrushaji naye ana kadi yake kamili. Dadu ni tatu. Ya kwanza huamua tusome kadi ya nani: ikitoa 1, 2 au 3, twasoma kadi ya mpigaji, ikitoa 4, 5 au 6, twasoma ya mrushaji. Dadu mbili zilizobaki hujumlishwa, na jumla yake, toka 2 mpaka 12, hutuonyesha mstari wa kusoma. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Jumla ya 7 ina njia 6, lakini jumla ya 2 ina njia moja tu. Kwa hiyo jambo lililoandikwa katika mstari wa 7 hutokea mara nyingi zaidi kuliko lile la mstari wa 2. Kila kadi ina safu tatu, basi ina njia 108. Na kadi mbili kwa pamoja zina njia 216. Nusu ni za mpigaji na nusu ni za mrushaji.

Mwalimu wetu wa Hesabu alitueleza habari hizo tulipokuwa tukianza mada ya Uwezekano, kisha akatupa swali. Mpigaji ana wastani wa 0.300. Mrushaji naye, wapigaji wanaokutana naye hupata 0.300. Wakikutana wawili hao, mpigaji atapata ngapi? Mikono mingi iliinuka, na jibu lilikuwa moja: 0.300. Jumlisha, gawanya kwa mbili, basi. Mwalimu hakukubali wala hakukataa. Alingoja.

Katika darasa letu yuko mwenzetu aketiye dawati la nyuma, karibu na dirisha. Muhula mzima uliopita hakupata kuinua mkono katika somo la Hesabu, na katika mtihani wa majaribio alipata alama 11 katika 100. Siku hiyo aliuinua.

“Mwalimu, naomba kuuliza. Wale wengine wakoje?”

“Wengine wapi?”

“Hao warushaji wengine, ambao huyu mpigaji aliwapiga mpaka akapata hiyo 0.300 yake.”

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alichukua chaki akaandika ubaoni: 0.250. “Huo ndio wastani wa ligi nzima,” akasema. “Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingojea.”

Kwa kweli swali hilo ndilo ufunguo wa jambo lote. Mpigaji wetu aliipata 0.300 kwa kukutana na warushaji wa kila namna, ambao kwa jumla huruhusu 0.250. Sasa anakutana na mrushaji aliye dhaifu kuliko wao. Haiwezekani apate 0.300 ile ile, maana hiyo ndiyo aliyokuwa akiipata kwa watu wa kawaida. Lazima apate zaidi. Anayesema 0.300 anasema kwamba udhaifu wa mrushaji haukumsaidia mpigaji hata kidogo.

Tazameni jinsi mtengenezaji wa kadi anavyoweza kulisawazisha jambo hilo. Akimwandikia mpigaji 0.300 katika kadi yake atakuwa amemdhulumu, kwa sababu nusu ya dadu huenda kwa mrushaji, na mrushaji wa kawaida ana 0.250. Wastani wa hizo mbili ni 0.275. Hapana budi amwandikie 0.350, ili 0.350 na 0.250 zikijumlishwa na kugawanywa kwa mbili zitoe 0.300, ambayo ndiyo haki yake. Mrushaji dhaifu kadhalika huandikiwa 0.350. Wakikutana wawili hao, kila upande una 0.350, na jibu ni 0.350. Si 0.300.

Njia hiyo ni nzuri kwa watu walio karibu na wastani. Lakini mwalimu alitutaka tuijaribu kwa watu walio mbali. Chukua mpigaji dhaifu kabisa, mwenye 0.100. Kabla ya mwaka 2022 warushaji wengi walilazimika kushika gongo zamu yao ikifika, na wengi wao walikuwa wapigaji wa namna hiyo. Mkutanishe na mrushaji hodari sana, anayeruhusu 0.150 tu. Kwa hesabu ya kujumlisha, kadi ya mrushaji yapaswa kuwa 0.050. Na kadi ya mpigaji? Namba gani ikijumlishwa na 0.250 na kugawanywa kwa mbili hutoa 0.100? Ni hasi 0.050. Sasa nani anaweza kuandika mapigo hasi katika kadi? Na wastani wa 0.050 na hasi 0.050 ni sifuri kamili. Hesabu ya kujumlisha inamwambia mpigaji huyo: rudi ukae, wewe huwezi kupiga kamwe.

Nalimtazama mwenzetu wa nyuma. Alikuwa akiitazama ile sifuri ubaoni bila kupepesa macho. Baadaye, tukienda bwalini, aliniambia: “Ile ndiyo hesabu yangu na yale maswali marefu ya mwishoni. Yale si yangu. Ni ya watu wa mbele.” Katika mtihani wa majaribio aliyaacha yote matupu. Hakuandika hata mstari mmoja.

Siku ya pili mwalimu alitufundisha njia nyingine. Njia hiyo ilielezwa na Bwana Bill James, Mmarekani anayejulikana sana kwa hesabu za besiboli, katika maandishi yake ya mwaka 1981, naye aliiita log5. Kwanza aliitumia kwa timu na timu, halafu ikatumika kwa mpigaji na mrushaji. Haitaki kujumlisha wastani. Inataka uwiano wa kupata na kukosa. Mwenye 0.300 hupata mara 3 na kukosa mara 7, kwa hiyo uwiano wake ni 3 kwa 7. Ligi yenye 0.250 ina uwiano wa 1 kwa 3. Sasa zidisha uwiano wa mpigaji kwa uwiano wa mrushaji, kisha ugawanye kwa uwiano wa ligi. Hayo tu.

Kwa mfano wetu wa kwanza: 3 kwa 7, mara 3 kwa 7, ni 9 kwa 49. Kugawanya kwa 1 kwa 3 ni sawa na kuzidisha mara 3, basi twapata 27 kwa 49. Kupata 27, kukosa 49, jumla 76. Gawanya 27 kwa 76, utapata 0.355. Iko karibu kabisa na 0.350 ya kadi. Mpigaji huyo huyo akikutana na mrushaji hodari anayeruhusu 0.200, yaani 1 kwa 4, uwiano ni 9 kwa 28, na wastani wake hushuka mpaka 0.243.

Sasa tuje kwa yule aliyepewa sifuri. Mwenye 0.100 ana uwiano wa 1 kwa 9. Mrushaji mwenye 0.150 ana uwiano wa 3 kwa 17. Zidisha: 3 kwa 153. Zidisha mara 3 kwa ajili ya ligi: 9 kwa 153, yaani 1 kwa 17. Kupata mara 1, kukosa mara 17. Katika kila zamu 18 atapiga mara moja.

Mara moja katika 18 si nyingi. Lakini si sifuri. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Katika njia hii ya kuzidisha hakuna mpigaji dhaifu wala mrushaji hodari anayeweza kuleta sifuri. Sifuri huja kwa njia moja tu: iwe imo tayari katika moja ya namba tulizoanza nazo. Mpigaji ambaye hapati kabisa ana 0, na 0 ukiizidisha kwa cho chote ni 0. Asiyelishika gongo ndiye mwenye kadi hiyo.

Kwa bahati njema, 1 katika 18 ni sawasawa na nafasi ya kupata jumla ya 3 kwa dadu mbili, maana katika njia 36 njia 2 hutoa 3: yaani 1 na 2, au 2 na 1. Tuliazima dadu za ludo, na Jumamosi moja mwenzetu huyo alikaa kitandani kwake akarusha mara 360, mimi nikiandika. Katika mara 40 za kwanza jumla ya 3 ilitoka mara moja tu. Alisema, “Unaona?” Nikamwambia aendelee. Mpaka mwisho ilikuwa imetoka mara 17, na hesabu ilisema 20. Hakusema neno, lakini aliichukua ile karatasi akaikunja akaiweka katika daftari lake.

Sasa nieleze mambo mengine mawili matatu, ili mtu asidhani kwamba kazi imekwisha hapo.

Jambo la kwanza ni kwamba michezo ya kompyuta haiishii katika kupata na kukosa. Huweza kukokotoa kila tokeo peke yake: kutoka kwa makosa matatu, kupewa kituo cha bure, pigo la kituo kimoja, pigo la kuzunguka vituo vyote. Kila moja huwa na wastani wake wa mpigaji, wa mrushaji na wa ligi. Halafu matokeo yote husawazishwa ili jumla yake iwe 1, na kompyuta huchagua namba yo yote kati ya 0 na 1, mahali pa kurusha dadu. Namba ikiangukia katika kipande cha pigo jema, ni pigo jema. Ni lile lile duara la mwaka 1941, ila sasa vipande vyake hupanuliwa au kupunguzwa kila mrushaji anapobadilika. Hutazamwa pia mkono, kwani mpigaji wa mkono wa kulia kwa kawaida hufanikiwa zaidi akirushiwa na mtu wa mkono wa kushoto. Uwanja nao hutazamwa. Katika mji wa Denver, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi.

Jambo la pili ni wastani wa ligi, yaani lile swali la mwenzetu. Wazee husema kwamba penye vipofu, mwenye chongo ndiye mfalme. Mwaka 1968 warushaji walikuwa na nguvu ajabu. Mmoja wao, Bob Gibson, aliruhusu kwa wastani pointi 1.12 tu za kuhesabiwa kwake katika kila mchezo wa vipindi 9. Mwaka huo bingwa wa kupiga katika ligi ya American alikuwa Carl Yastrzemski, naye alikuwa na 0.301 tu. Lakini mwaka 1930 ligi nzima ya National, wazuri na wabaya pamoja, ilikuwa na wastani wa 0.303! Mtu akitazama namba peke yake atasema kwamba bingwa wa mwaka 1968 hakufika hata kwa mtu wa kawaida wa mwaka 1930. Lakini ligi ya Yastrzemski ilikuwa na 0.230. Ukimhamisha kwa njia ya uwiano mpaka ile ligi ya mwaka 1930, atapata kama 0.385. Wakubwa wa mchezo waliona mizani imeelemea upande mmoja, wakaliteremsha tuta la mrushaji toka inchi 15 hadi 10 kuanzia mwaka 1969. Namba ya mtu haina maana mpaka tujue aliipata mbele ya nani.

Jambo la tatu ni subira. Mtu huweza kuuliza: kwa nini tusitazame tu jinsi mpigaji huyu alivyofanya zamani mbele ya mrushaji huyu huyu? Jibu ni kwamba mara walizokutana huwa chache. Mpigaji wa 0.250 akipewa zamu 12, ana nafasi kama 5 katika 100 za kupata mapigo mema 6 au zaidi kwa bahati tu. Basi akikutana na warushaji 20, zamu 12 kila mmoja, yaelekea mmoja wao ataonekana kama mtumwa wake, wala si kweli. Wako wachache waliokutana mara nyingi. Tony Gwynn alikutana na Greg Maddux mara 107, na hakutoka kwa makosa matatu hata mara moja. Hayo ni mengi, na yanastahili kufikiriwa. Lakini mara 12 si ushahidi, kama vile mara 40 za dadu zilivyokuwa si ushahidi siku ile bwenini.

Pengine mzazi anayesoma atauliza, mambo haya ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi? Mwaka 1960 mtaalamu wa hesabu wa Denmark aitwaye Georg Rasch alitoa kitabu juu ya mitihani. Alisema kwamba mwanafunzi anapokutana na swali, uwiano wa kulipata na kulikosa hutokana na mambo mawili, uwezo wa mwanafunzi na ugumu wa swali, na kwamba kimoja hugawanywa kwa kingine. Ni ile ile hesabu ya mpigaji na mrushaji. Mwanafunzi ndiye mpigaji, na swali ndilo mrushaji. Nalipomwonyesha mwenzangu hesabu hiyo, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kawaida yake: “Na mwanafunzi aliyeliacha swali tupu, Rasch anamwandika wapi?” Nilimjibu kwamba kwa kadi zetu, huyo amejiandikia sifuri mwenyewe, kabla mrushaji hajarusha.

Katika mtihani wa majaribio wa pili alijaribu kila swali refu. Mengi aliyakosa. Katika moja alichora mchoro sawasawa, akaandika kanuni, akakosea mwishoni, akapewa alama 4. Kwa jumla alipata 19. Alama za kufaulu zinaanzia 30, kwa hiyo 19 si kufaulu, wala sitazisifu kuliko zinavyostahili. Wako waliomcheka tena. Lakini toka 11 mpaka 19 amepanda, na zile 8 zote alizikuta katika kurasa ambazo mara ya kwanza zilikuwa nyeupe. Mtihani wa Taifa ni Novemba. Hakuna kati yetu ajuaye dadu zitaangukaje, hata sisi tunaoketi mbele.

Wala hesabu haisemi kwamba kila mtu atashinda. Mwenye 1 kwa 17 atakosa mara nyingi, na hapana haja ya kumdanganya. Inachosema ni kwamba tusimpe mtu wastani wa kubahatisha kwa kujumlisha na kugawanya kwa mbili. Tuulize alikutana na nani. Tusimhukumu kwa zamu 12. Na tusimwandikie sifuri maadamu amelishika gongo.

Jambo moja la mwisho. Kila mwaka, msimu wa besiboli ukisha kwisha, watengenezaji wa kadi huketi tena na hesabu mpya, wakamwandikia kila mchezaji kadi nyingine. Aliyekuwa na 0.220 mwaka uliopita huenda akaandikwa 0.270, na aliyesifiwa huenda akateremka. Hakuna anayelazimishwa kuingia msimu mpya na kadi ya zamani. Walimu wetu watakapoketi kuandika ripoti za muhula huu, na wazazi wetu watakapozifungua nyumbani, naomba wazisome kwa namna hiyo: ni kadi ya muhula uliokwisha.